Mchezo wa Maziwa Mdomoni

Habaswein, 1966

Timiro, binti wa dada yangu,

Assalaam aleikum. Mbuzi wako wazima, na mimi bado ni bingwa wa mchezo wa maziwa. Babu yangu ndiye aliyeubuni: mnajaza maziwa ya ngamia mdomoni, mmoja analia kama ngamia, atakayecheka au kumeza ameshindwa. Sultani wa Waturuki aliucheza, akamtemea waziri wake ndevuni, wallahi!

Jana alasiri tulikuwa tukicheza, midomo imejaa, askari wakaingia. Mumeo Yarow alikuwa nyuma ya mikeka, ana risasi mguuni, hawezi kutembea.

"Yule mwasi wa shifta, Yarow, yuko wapi?" mkubwa wao akauliza. Tukamtazama, mashavu yamevimba kwa maziwa. "Nyinyi mabubu?" Akamwekea mzee Ogle bunduki kifuani. Mashavu ya Ogle yakaanza kutetemeka kwa kicheko.

Nikameza. Mimi, ambaye hata majini hawajanishinda! Nikasema, "Afande, Yarow tulimzika juzi. Hii ni desturi yetu ya matanga, hatusemi, tunashika maziwa mdomoni."

Akavua kofia, wallahi. Kisha akauliza, "Mjane wake yuko wapi?"

"Garissa, afande. Yuko njiani."

"Ijumaa nitarudi nimwone."

Basi njoo kabla ya Ijumaa, umevaa nguo nyeupe za eda. Saynab anayekuletea barua hii atakupa kitambaa cheupe cha nguo hizo. Ukishasoma, ichome. Nitaketi mbele yako, lakini usinitazame usoni, unanijua. Lia mpaka waondoke. Ukicheka, Yarow hana pa kujificha tena.

Mjomba wako aliyemeza,
Korane