Udhuru wa Theluji

Mpendwa Yaya, kaka yangu mkubwa,

Udhuru ni sababu inayomzuia mtu kutenda jambo alilokwisha kulikusudia. Zingatia sehemu ya mwisho ya maelezo haya, kwa maana ndiyo inayosahauliwa na wengi. Asiyekusudia hana udhuru. Ana kisingizio tu, hata kama mvua imenyesha kweli na daraja limevunjika kweli. Ukweli wa kikwazo hautoshi. Lazima awepo mtu aliyekwisha kuianza safari, kwa miguu au kwa moyo, kabla kikwazo hakijamkuta.

Najua ungesema nini hapa. "Bon, Profesa ameanza na Kiswahili yake ya Biblia." Ungelisema hilo ukimtazama Mama badala ya kunitazama mimi, ili acheke, naye angecheka. Wewe ulikuwa kifungua mimba wake na mimi kitinda mimba, na waliozaliwa kati yetu hawakuishi. Kwa hiyo dhihaka zako zote hazikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia.

Theluji ya kwanza tuliiona pamoja, mwaka ule mimi na Mama tulipokufuata Brussels kutoka Lubumbashi. Mama alifungua dirisha la nyumba yetu ya Molenbeek, akanyoosha kiganja nje, akauliza, "Kuko nani anachoma vitu?" Alidhani ni majivu, kwa kuwa kwetu kinachodondoka kutoka juu bila kulowesha hutoka katika bomba la moshi la kiwanda. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukatushusha barabarani kutufundisha kutembea.

"Musitembeye sawa Bazungu wa televisheni," ulisema. "Mutembeye sawa bata. Miguu inje, tumbo mbele."

Mama alitembea kama bata mara moja, bila haya. Mimi nilishika ukuta.

"Maman, angalia Profesa. Anatembeya sawa muntu mwenye ameiba kuku."

Jirani wa chini, mzee wa Kimoroko, alikuwa akinyunyiza chumvi mbele ya mlango ili watu wasiteleze. Mama alisimama ghafla. "Chumvi ya kula? Chini?" Alikataa kuikanyaga. Ulimbeba mgongoni, mtu mzima na koti lake na mkoba wake, ukamvusha hadi upande wa pili, huku mzee yule akikupigia makofi. Siku hiyo nilikupenda bila masharti. Naiandika sentensi hii kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu bila hiyo mambo yanayofuata yasingekuwa na uzito wowote.

Ikaja dhoruba kubwa, miaka kadhaa baadaye. Tramu zilisimama, mabasi yalirudishwa karakana, theluji ilifika nusu muundi katika njia za miguu. Asubuhi Mama alikuambia kwa simu, wewe uliyeishi mtaa wa Forest, upande wa pili wa mji, kwamba unga wa bukari, ugali wa kwetu, umekwisha. Hakuwa anaomba, alikuwa anazungumza tu, kama watu wanavyozungumzia unga. Alasiri mlango ukagongwa. Ulisimama pale mweupe kuanzia kofia hadi viatu, umebeba mfuko wa unga begani na furushi la makayabu kifuani, samaki wa chumvi aliowapenda, uliowapitia barabara ya Chaussée de Wavre kwa wale wauzaji wa Matonge, mtaa wa Wakongo, wasiofunga duka hata dunia ikifungwa.

"Mutoto, unatoka wapi?"

"Ku Forest, Maman. Na miguu."

"Na hii neige yote?" aliuliza akiitazama theluji ya kofia yako.

"Neige ni maji yenye kulala tu. Maji inazuiya muntu kuona mama yake?"

Aliiweka miguu yako katika beseni la maji ya uvuguvugu na kuisugua mwenyewe, wewe baba wa watoto watatu. Kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama na taulo, mimi niliyeishi naye, niliyempikia na kumpeleka kwa daktari, nikamtafsiria kila neno aliloambiwa katika nchi hii. Akasema kwa upole kabisa, "Unaona? Huyu ni mutoto." Hakukusudia kuniumiza. Mtoto anayekaa nyumbani huwa kama ukuta wa nyumba: hakuna anayemshukuru ukuta kwa kusimama.

Tangu siku hiyo kila mgeni alisimuliwa safari yako. Njia ilirefuka kila iliposimuliwa, na unga ukaongezeka uzito. Sikuwahi kusahihisha. Palitosha kwamba jambo lenyewe lilikuwa kweli: ulikusudia, ukaja, na theluji haikukuzuia.

Nalazimika sasa kueleza desturi ya nyumbani kwetu, kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii. Wewe huhitaji kuelezwa. Mzazi anayejua kwamba anaondoka huomba maji. Si ya kunywa. Huchukua funda moja, akalipuliza katika viganja vya mtoto wake, na mtoto hujipaka usoni. Hiyo ndiyo baraka, na Mama, aliyekuwa hakosi misa hata siku moja, hakuona kwamba inapingana na ubatizo wake. Lakini ina utaratibu: huanza kwa mkubwa. Mdogo akitangulia kupokea, amemwibia mkubwa wake, na baraka ya wizi hugeuka laana kwa wote wawili.

Ugonjwa wa Mama ulipofika mwisho, madaktari walimruhusu arudi kwake Molenbeek, kama alivyotaka. Theluji ilianza jioni. Asubuhi alifumbua macho akaniambia, "Niletee maji mu kikombe," na nilipomwinamishia kikombe anywe, aligeuza uso. Nikaelewa. Nikakupigia simu.

"Yaya, Maman anaomba maji."

Hukuuliza maji gani. Hilo lilithibitisha kwamba umeelewa. Katika jambo hilo sina shaka yoyote.

"Mudogo, hakuna tram. Hakuna bus. Neige iko mingi."

"Yaya."

"Alors nifanye nini? Niruke?"

Kisha ukasema, "Nitaona," ukakata.

Nilirudi kitandani, nikanyoosha mikono yangu miwili mbele ya Mama. Sioni aibu kulisema. Nilikuwa pale; mikono yangu ilikuwa pale. "Maman, unibariki miye. Yaya atakuta yake."

Alikisukuma kikombe polepole. "Mukubwa kwanza. Ukipokea mbele yake, unamuiba." Baada ya muda akauliza, "Iko mu njia?" Nikajibu kwamba uko njiani, maana hapakuwa na jibu jingine ambalo angeweza kulipokea. Aliuliza tena na tena, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka akawa anauliza kwa midomo tu. Alifariki alasiri, kabla taa za barabarani hazijawaka. Nilimwaga maji yale katika sinki la jikoni. Kikombe kilikuwa kimejaa kama nilivyokileta.

Ona basi ulichokikosa, na uone kwamba hukukikosa peke yako. Kama angekufa akiwa amekubariki wewe tu, ningekuonea wivu, na wivu ni kitu ninachokijua, nimeishi nao. Lakini kutokuja kwako kulifunga mlango wangu pia. Nilimuuguza mpaka mwisho, nikatoka mikono mitupu kwa sababu ya mtu ambaye hakuwepo.

Matangani, katika ukumbi mmoja wa mtaa wako wa Forest, ulikaa kwenye kiti cha mkubwa, ukapokea pole. Kila aliyekuinamia ulimwambia neno moja: "Neige." Nao wakakupokea. Mzee mmoja wa kutoka Likasi akasema, "Ya mwaka huu ni mubaya. Hata padri alichelewa misa." Maman mmoja nyuma yake akadakia, "Muntu atapita wapi? Tena mwenye kilo sawa yeye. Barafu ingevunjika." Watu wakacheka kidogo, jinsi watu wa kwetu wanavyocheka matangani ili machozi yapumzike. Nawe ukatabasamu.

Nilizitazama nyuso zile moja baada ya nyingine. Wote waliijua hadithi ya unga. Hakuna hata mmoja aliyeziweka dhoruba mbili bega kwa bega. Niliziweka mimi. Njia ilikuwa ileile, ya Forest kupitia kituo cha Midi na kando ya mfereji, tena bila mzunguko wa Matonge. Theluji niliitazama kutoka dirisha lilelile, na haikuwa nzito kuliko ya kwanza. Mchana watoto walikuwa wakiteleza juu ya mifuko ya plastiki, wakipiga kelele za furaha. Mtu alikuwa yuleyule. Kama kikwazo hakikubadilika na njia haikubadilika, kilichobadilika ni kusudio. Ulikuja kwa ajili ya unga, hukuja kwa ajili ya pumzi ya mwisho. Labda uliogopa kumwona akifa, na woga nauelewa. Lakini woga si theluji, na ungeweza kuuita kwa jina lake.

Nilifikia hitimisho hilo palepale ukumbini, na nikaishi ndani yake kwa miaka. Tulisalimiana kwenye ubatizo na harusi. Hukuniita Profesa tena. Mara moja ulinisogezea kiti, mara nyingine ukaniuliza kama nyumba yangu ina joto la kutosha. Nilijibu kwamba linatosha.

Sasa nawe umeondoka, kwa ugonjwa wa moyo ambao, kama ilivyodhihirika, ulikuwa umeuficha kwa muda mrefu. Kwenye matanga yako nilikuwa jikoni nikimsaidia shemeji, mke wako, kumimina chai. Alizungumza bila kuinua macho kutoka kwenye birika.

"Ile siku ya Maman, alitoka."

"Alitoka wapi?"

"Mu nyumba. Kisha tu telefone yako. Alivaa bote za neige, akaenda. Alirudia giza imeingia, suruali maji mpaka magoti, gant moja ya mukono imepoteya. Alikaa pale pa mulango, koti yake ku mwili, hata hakuitosha."

"Alisema nini?"

"Aliniambia: usimuambiye mudogo. Nikamuuliza kwa nini. Akaenda kulala."

Tafakari, Yaya, ulichonifanyia. Mwenye udhuru halali haufichi. Huuinua juu ili kila mtu auone. Wewe ulikuwa na ushahidi wa kukuokoa mbele yangu, ukauficha, na badala yake ukawapa watu neno lile jepesi, "neige," ambalo ulijua vizuri kwamba sitaliamini. Naweza kufikiri kwamba kifua kilikukaza njiani, ukaona aibu kukiri kwamba mtu wa hadithi ya unga hawezi tena kupanda mwinuko mdogo wa Forest. Naweza pia kufikiri kwamba ulifika mbali zaidi ya hapo, miguu ikiwa mizima, na kilichokurudisha hakikuwa mwilini. Mawazo yote mawili yanakubaliana na suruali yenye maji na gant iliyopotea. Nimeyapima kwa kadiri ya uwezo wangu, wala sijapata la kuliondoa mojawapo.

Usidhani kwamba uchungu umepungua. Umepoteza anwani tu. Sijakusamehe, kwa sababu sijui ni kosa lipi nikusamehe. Na siwezi kukuomba radhi, kwa sababu sijui kama nilikosea.

Siku ile, tangu adhuhuri, nilisimama mara kwa mara dirishani nikilitazama daraja la mfereji. Watu walipita wamejifunika, wote weupe, wote wameinama, na kwa umbali ule hakuna anayemtambua mwingine. Mmoja alisimama katikati ya daraja, akakaa pale kitambo, kisha sikumwona tena. Nilidhani ni mtu anayepumzika.

Ulale salama, Yaya, huko ulikonitangulia kukutana na Mama, kama utaratibu unavyotaka. Ulipogeuka nyuma, ulikuwa umefika wapi?

Mdogo wako