Ukuta Wako Umekula Njia

Olympos, Karpathos
11 Machi 2014

Mpendwa dada Rigopoula,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Baltimore, na kwamba goti la shemeji Manolis limepata nafuu. Sisi tu wazima, ila mvua ya Februari imetuacha hoi. Siku tisa mfululizo.

Yale matuta ya juu ya ghuba uliyorithi kwa mama yameporomoka. Ukuta ulioushindilia saruji Agosti, ulipokuja likizo, ulizuia maji kama bwawa. Siku ya saba ukafumuka, ukaondoka na matuta manne na mita sitini na mbili za njia.

Nilikuambia. Nilisema mawe yakipangwa matupu, maji hupenya. Ukanicheka mbele ya wageni wako: "Mdogo wangu, ukuta usio na saruji ni wa mbuzi!" Ule wa babu ulisimama miaka themanini. Wako, miezi sita.

Njia ile niliifyeka peke yangu, misimu ya baridi kumi na moja. Wewe kifungua mimba ulipata nyumba, kinu cha upepo na ardhi yote ya mama, kama desturi yetu itakavyo. Mimi nilipata mundu. Sikulalamika. Watu wanatoka mbali kuja kuona misonobari iliyolazwa na upepo, na bahari inavyogeuka rangi ukipinda kona ya mwisho. Nawaongoza, naishi. Jumanne iliyopita nilifika pale na kundi la kwanza la mwaka, watu kumi na wanne, tukasimama ukingoni.

"Mama, sasa tunapita wapi?" mmoja akauliza.

Nikawarudisha.

Nataka kuubomoa ukuta uliobaki niupange upya. Nilipolitaja hilo mkahawani, Mzee Minas alinisuta: "We mdogo mtu, jiwe la kifungua mimba hata ukijikwaa nalo, liombe radhi!" Kijiji kizima kinangoja ruhusa yako. Nimekupigia simu mara tano. Mara zote tano umesema utafikiria.

Basi fikiria taratibu. Jumatatu naingia na nyundo. Mita arobaini za saruji nitazivunja, na mawe nitayapanga kama alivyoyapanga babu. Hapa siombi ruhusa, nakuarifu. Ukitaka kunishtaki, njoo, ila vaa viatu vya kutembelea, maana kufika kwenye shamba lako utapita njia yangu.

Msalimu shemeji, na Evgenia, umwambie mama yake mdogo amemtunzia asali. Bikira Maria awafunike nyote.

Mdogo wako, akupendaye kwa shida mwaka huu,
Kalitsa