Safari ya Twaiba Akiwa Edani

Munje, Msambweni
14 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Iddi,

Assalaam alaykum. Natumai joto la Maskati halijakulemea. Goti lako je, limepona? Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na tangu apate miwani hataki tena kusomewa chochote. Mihogo imeshika.

Nimeona nikuandikie, nimpe Issa anayerudi huko akuletee, kwa sababu kila tukizungumza juu ya mdogo wetu Twaiba tunaishia kukatiana simu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nikueleze yote.

Shemeji Nassir, Mungu amrehemu, hakuuawa na dawa. Najua ndivyo ulivyoambiwa, na matangani walisema hivyo hivyo: alianza vidonge vya hospitali, mwezi haukwisha akafa. Lakini dawa zilimkuta ukingoni. Alikohoa tangu mwaka juzi. Fundi wa makuti akikohoa, nani atashangaa? Sote tulisema ni vumbi la mapaa ya mahoteli ya Diani, tukampa maziwa. Alipokonda tukasema ni kazi. Alipopimwa, virusi vilikuwa vimemaliza kinga yake na kifua kikuu kimepanda hadi kichwani. Daktari aliniambia kwamba angalipimwa kikohozi kilipoanza, huenda leo angekuwa juu ya paa akifunga makuti.

Ndiyo sababu sikukubali uliposema Twaiba asipimwe mpaka atoke eda. Eda yake inaisha mwezi wa nane. Nassir naye alikuwa akisema atakwenda baada ya Ramadhani.

Sikutaka kukupinga kwa akili zangu, nikamwuliza Maalim wa msikiti wetu. Akanijibu, "Mishi, eda ni kumheshimu marehemu, si kumfuata. Mwenye haja ya tiba hutoka mchana, akarudi kulala kwake."

Hata hivyo Twaiba alikataa. Alihofia dawa kuliko ugonjwa. Aliyemgeuza ni Mwanaima, yule muuza viazi karai. Alikuja kumpa pole, akakaa mkekani, akasema, "Bibi we, mimi nazimeza tangu mwanangu yuko darasa la kwanza, na sasa anaoa. Nimeachwa nazo, nimeolewa nazo. Zingekuwa zinaua, mke mwenzangu angeshafanya sherehe."

Twaiba alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumatatu ya tarehe 5 tulitoka asubuhi kwenda hospitali, tukarudi kabla ya adhuhuri. Ameonekana ana virusi. Sitakuficha, alilia, nami nililia. Lakini kinga yake bado ina nguvu, kifua chake ni safi, na mtoto hana. Alianza dawa jioni ile ile. Siku za mwanzo alisikia kichefuchefu, sasa anakula. Muuguzi alisema akizishika bila kukosa, anaweza kuzeeka kama mwingine yeyote.

Amekaa edani kama kawaida, na nguo zake ni zile zile. Kinachomtisha sasa si ugonjwa, ni simu yako. Kila jioni, kabla ya kumeza dawa, huitazama simu kwanza. Tangu baba afariki, wewe ndiye uliyeshika mahali pake, na neno lako kwake ni zito kuliko langu na la daktari. Ukimwambia aache, naogopa ataacha.

Mama anakusalimu, na Swafwan mtoto wa Twaiba anauliza kila siku kama Maskati kuna ng'ombe. Wasalimie wenzako wote wa Msambweni ulio nao huko. Mungu akulinde ugenini, akurudishe tukuone.

Barua hii ikikufikia, mpigie Twaiba siku hiyo hiyo. Usimpe pole, ameshapewa za kutosha. Mwulize tu kama amekunywa dawa.

Dada yako akupendaye,
Mishi