Simu ya Marehemu Bado Inapiga Picha

Mpendwa Bi Mwanamvua, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana wote niliowaeleza hapa nyumbani wameishia kunisomea dua na kunifukizia ubani, na mimi ninachotaka ni mtu wa kunijibu. Mimi ni mjane, nipo edani hapa Kerege. Mume wangu, nitamwita Mikdad, alikuwa fundi umeme, alianguka akiwa kazini akafariki kabla hatujamfikisha hospitali, na sitaeleza zaidi kwa sababu nikianza hapo barua hii haitaisha.

Kazi yangu ni kupamba mabibi harusi, nawapaka hina na piko nyeusi, wengine mikono na miguu tu na wengine mpaka mgongoni na mapajani, mambo ya kuonwa na mume peke yake, na nikimaliza huwa nawapiga picha ili mteja mwingine akija achague mchoro, na kila mmoja nilimpa neno langu mbele ya somo wake anayemfunda kwamba picha ile haitaonwa na jicho la mwanamume. Picha zikawa nyingi mpaka simu yangu ikawa inagoma, ndipo Mikdad akaniambia tuziweke kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni, akanifungulia akaunti, akaiunganisha na simu yake humo humo ili nisihangaike na maneno ya siri, hata namba ya kuthibitisha ikawa yake, na mimi nikatulia kabisa kwani niliambiwa wingu haliibwi wala haliungui.

Alipozikwa, kama ilivyo desturi yetu, wakubwa wakasema nguo na viatu vyake apewe mzee aliyemwosha, Mzee Muharami, mwenye shamba huko Fukayosi, na simu nayo iingie kwenye mzigo iwe sadaka, mimi nikaitikia tu kwa sababu akili haikuwepo, na aliyefunga mzigo na kuupeleka ni wifi yangu Habiba, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye pekee anayekaa nami edani. Nilibakisha kofia yake moja tu ya viua, ile aliyoshonewa na mama yake.

Sasa siku moja baada ya adhuhuri nimekaa na tasbihi yangu, nikafungua picha nimtazame mume wangu, nikakuta picha mpya. Nyeusi tupu, pembeni kitambaa cheupe, na chini imeandikwa simu iliyopiga ni ile ya Mikdad na tarehe ni ya siku hiyo hiyo. Bi Mwanamvua, kitambaa cheupe, na mimi nilimfunua uso kumuaga akiwa ndani ya sanda. Nikajipa moyo kwamba ni mtandao umechanganyikiwa, lakini siku iliyofuata ikaja picha ya dari, nikaitambua, ni dari yetu, na waya wa feni ni ule alioupitisha yeye kwa mkono wake, na baadaye ikaja picha ya mlango wa chumba changu umefungwa, imepigwa kutoka ukumbini, nami wakati huo nipo ndani nimelala. Nilifungua nikachungulia, ukumbini hapana mtu, pazia tu linapepea, na wifi nikamsikia uani anaosha vyombo.

Nikaipiga namba yake. Inaita! Inaita mpaka inakata, na kila nikipiga inaita vile vile na hakuna anayepokea. Nikamtuma shemeji yangu Bilali Fukayosi, akarudi akasema Mzee Muharami ameapa kwamba alipokea kanzu, mashati na viatu, simu hakuiona. Nikamwuliza wifi, akainamisha kichwa, akasema, "Wifi, mzigo niliufikisha," nami sikuona sababu ya kumtilia shaka, maana simu hajui kuitumia, hata ile yake ya kitochi huwa anaomba watu wambonyezee namba. Bilali akasogea karibu akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, au alizikwa nayo?" Tangu siku hiyo sili vizuri.

Halafu mabibi harusi wakaanza kutoweka. Alianza binti mmoja wa Msata, nikafungua picha nikakuta hayupo, siku nyingine akaondoka Nawal, nampa jina hilo kumsitiri, na wanaondoka wale wa migongo na mapaja tu, wale wa mikono hawaguswi, na picha zetu mimi na Mikdad zipo zote kama tulivyoziacha. Hapo nikajua ni yeye, au niseme kweli, nilitaka awe yeye, kwamba ananisafishia mambo yangu. Nikaanza kumwachia picha, nikampigia kiti chake, nikampigia ile kofia ya viua juu ya mto, na nilipofungua kesho yake kofia ile imewekewa alama ya moyo na mimi sikuiweka. Nililia kwa furaha, Mungu anisamehe, nililia kwa furaha na huku nywele zimenisimama.

Wifi naye ananitisha kwa namna yake. Ibada zimemzidi, chakula hagusi, na ananitazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa mara mbili. Juzi akaniuliza, "Wifi, eti mtu akifa, vitu alivyoviacha kwenye simu vinaendelea kumwandikia dhambi kaburini?" Nikamwambia amwulize maalim, akanyanyuka akaenda kutawadha.

Nieleze, wingu hili ni la kuaminika au limeingiliwa, na kama limeingiliwa ni na nani, maana nikilifunga naona nitakuwa nimemfukuza mume wangu, na nikiliacha wazi sijui picha za watoto wa watu ziko mikononi mwa nani, na mmoja wao ndoa yake bado changa na mume wake ni mkali, mgongo wake ukionekana nje hatamwuliza kitu, atamwacha.

Mwenye eda, Kerege.

BI MWANAMVUA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikafunga dirisha. Mara ya pili nikalifungua, kwa sababu nilishaona kilichopo.

Zima ubani. Simu inayoita ni simu yenye chaji, na kaburini hakuna umeme. Kuna mtu anaichomeka ukutani, sauti imezimwa ndiyo maana huisikii ikiita, na picha zikipigwa zinapanda kwenye wingu kwa intaneti ya nyumba yako mwenyewe. Kitambaa cheupe unakiona sanda kwa sababu ya kilichomo moyoni mwako, lakini hata mtandio wa kusalia ni mweupe, na mtu asiyejua simu akiishika chini ya mtandio wake hubonyeza ovyo, akapiga giza, akapiga dari, akapiga mlango wa mbele yake. Ukumbi huo ni wa nyumba gani? Na nyumba hiyo mnakaa wangapi? Wewe na Habiba. Mzigo aliufikisha, nakubali, ila simu hakuitia ndani.

Usinyanyuke kwanza. Kaa, unisikilize.

Siapi, sikuwapo, lakini nadhani ilikuwa hivi. Siku ya kufunga mzigo aliiwasha simu ya ndugu yake, labda atazame sura yake kama unavyofanya wewe. Akakuta wanawake. Migongo, mapaja, mmoja baada ya mwingine, nyuso hazionekani. Wewe unaona piko. Yeye aliona nini? Aliona maisha ya siri ya mdogo wake aliyekwisha kuzikwa. Angempelekeaje mzee wa watu aliyemwosha simu yenye vitu vile? Akaificha. Na kwa kuwa amesikia kama tunavyosikia sote kwamba picha mbaya alizoziacha maiti zinamfuata kaburini, ameketi anazifuta moja moja kwa kidole kisichojua kazi hiyo, na kwa kuwa akaunti ni moja, anachokifuta kule kinatoweka na kwako. Mikono ameiacha kwa sababu mkono hauna aibu. Alikuuliza swali lile akitafuta mtu wa kusaidiana naye mzigo huo, ukamtuma kwa maalim. Na ile huruma yake ni kwamba anakuona mke aliyesalitiwa asiyejua.

Alama ya moyo usinibane nayo. Huenda ni kidole kilichoteleza, huenda ni dada aliyeiona kofia iliyoshonwa na mama yake. Sitaki kujua, na wewe usiulize.

Sasa nikusute kidogo, maana umeniuliza kuhusu wingu. Wingu halikuingiliwa na mtu. Limefanya kazi yake sawasawa, limefungua kwa kila aliyekuwa na ufunguo. Kuhifadhi linahifadhi, kuliko hata simu yako ambayo ingeweza kuanguka kisimani. Lakini kusitiri ni kazi ya mwenye ufunguo, na wewe ufunguo ulimpa mumeo ukaacha kuujua mwenyewe. Uliwaambia watoto wa watu kwamba hakuna jicho la mwanamume litakaloona, na picha zao zilikuwa kwenye simu ya mwanamume tangu siku ya kwanza. Kama alizitazama au aliinamisha macho, mimi sijui, na wewe hutajua kamwe. Unaogopa mtu wa kigeni ndani ya wingu, na ahadi ilikuwa imevunjika tangu mume wako yu hai, mnakula sahani moja.

Kazi ya kufanya iko hivi, na eda yako haivunjiki kwa sababu yote ni humo ndani. Simu ukiipata, laini yake imo, kwa hiyo namba ya kuthibitisha itaingia mikononi mwako. Badilisha neno la siri, weka namba yako, kisha ondoa kila kifaa kwenye akaunti ibaki simu yako tu. Neno jipya ulijue wewe peke yako, hata Bilali asilijue, hata fundi wa simu anayejifanya mwema. Ukimaliza nenda kwenye kapu la takataka la akaunti, maana zilizofutwa hukaa humo kwa muda, na usinitazame hivyo, hutazirudisha. Zifute moja kwa moja pamoja na zile zilizobaki za migongo na mapaja. Michoro yako ichore kwenye karatasi, ulikuwa unaweza siku zote.

Mabibi harusi uwaambie. Mwite somo wa kila mmoja, mweleze ilivyokuwa, picha zilikaa wapi na zimefutwa lini, aongee na mwali wake. Huyo mwenye mume mkali umwanze yeye. Watakaokukasirikia wana haki, na wengine hawatakuita tena kwenye harusi. Utavumilia.

Picha za Mikdad hamishia kwenye flashi, ifungie sandukuni pamoja na kofia yake, na zile za kumwachia uache kuzipiga. Najua utatamani kupiga moja ya mwisho kabla hujafunga. Hakuna wa kuipokea, mwanangu. Mwombee, hiyo ndiyo inayomfikia.

Yote hayo yaje baadaye. La kwanza ni leo, Habiba akimaliza kuswali, kabla hajakunja mswala. Usimwulize simu iko wapi. Usimwite mwizi. Kaa chini karibu naye, umwambie: "Wifi, zile picha ni zangu. Mimi ndiye niliyezitia kwenye simu yake." Sema kwa maneno hayo hayo, usitafute sababu ya kujitetea, na akilia mwache alie. Mwanamke yule siku zote hizi amekuwa akimwombea ndugu yake msamaha wa dhambi uliyoiweka wewe.