Maua ya Dada na Mbuzi wa Jirani

Dada Theresia,

Shikamoo. Soma hapa kwanza, ndipo uingie sebuleni.

Asubuhi hii mbuzi wa mzee Nickolaus ameyala maua yako ya karatasi. Ile gundi ya uji wa muhogo imemnogea kweli. Mlango ~~aliuacha wazi mama~~ niliuacha wazi mimi.

Usilie. Wakwe zako wa Namawala wanafika saa kumi. Nimekwenda kwa fundi Anselim kuomba vipande vya vitenge. Wewe andaa vijiti na sindano. Gundi usipike tena, safari hii tunashona.

Wiki nzima nilikucheka, eti maua kama kabichi. Basi mbuzi kala yako yote, kabakiza moja, lile nililotengeneza mimi. Alilinusa tu, akaondoka.

Mdogo wako mkosaji,
Evodius