Kijani Kupita Kiasi

Bungoma,
24 Aprili 2025

Baba, chamgei.

Mimi ni mzima, sijui nyinyi huko Kitale. Kifua chako kimetulia? Naandika barua kwa sababu kwa simu tunaanza na salamu na kumaliza na makelele. Hii utasoma mpaka mwisho, huwezi kunikata katikati.

Bado siamini kwamba siku ya Pasaka ulisimama mbele ya kaka yangu Kipkosgei ukasema ekari ya chini ni yangu. Tangu niachane na baba Ivy nimekuwa mtu wa kupanga chumba, hata kugonga msumari ukutani lazima niombe ruhusa. Najua amekasirika. Sharti lake nimelikubali: mavuno yangu yakifikia yake, utapanda mkonge wa mpaka na ekari itakuwa yangu kabisa. Yasipofikia, inarudi kwake.

Lakini kazi yangu hapa agroveti, hili duka la mbolea na dawa za shamba, inaisha Desemba, siwezi kuiacha sasa. Kwa hivyo mikono yangu ni wewe. Mbolea ya kupandia tuliweka pamoja Jumatatu. Mahindi yakifika magotini, weka CAN, ile mbolea ya kukuzia, mara moja, kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, kando kidogo. Basi, Baba. Tafadhali usiongeze.

Binti yako,
Jelimo

Kitale,
15 Juni 2025

Jelimo mama,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo, kifua kinasumbua asubuhi tu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Ivy anaendelea vizuri na shule? Hii barua atakuletea Beth wa kanisani, anakuja soko la huko na avokado.

CAN nimeweka. Weh, mahindi yako yametoka! Watu wanasimama barabarani kuangalia. Jirani Jerop aliuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya binti yangu, na nikasema kwa nguvu Kipkosgei asikie. Majani ni mapana, kijani mpaka karibu kuwa meusi, na yamenipita urefu. Ya kaka yako yamebaki nyuma.

Wewe tulia, ufanye kazi yako.

Ni mimi baba yako.

Bungoma,
19 Juni 2025

Baba,

Salamu nyingi, na pole kwa kifua. Ivy ni mzima, anakusalimu. Mimi ndiye sijatulia.

Kijani karibu kuwa meusi? Na yamekupita urefu mwezi wa sita? Baba, uliweka CAN mara ngapi? Mahindi yakishiba CAN kupita kiasi yanafanya kazi ya majani tu. Yanakimbia juu, shina linakuwa laini, limejaa maji, na kubeba yanachelewa. Kutoka barabarani yanapendeza, lakini upepo mmoja tu na yote yako chini. Hatulimi ya kuangaliwa, jamani!

Hapa dukani naeleza watu haya kila siku. Juzi mzee Wekoye kutoka Misikhu alikuja na jani mkononi, akanisikiliza, akashukuru, akaenda kufanya. Mtu hata hanijui! Baba yangu mwenyewe ndiye ananiona kama natwanga maji.

Niambie ukweli. Na majani ya chini ya mahindi ya Kipkosgei yako aje?

Jelimo

Kitale,
6 Julai 2025

Jelimo,

Tuko salama. Barua yako nimesoma mara mbili na haikunifurahisha. Unaniuliza maswali kama askari wa barabarani. Mimi nimelima huu udongo kabla hujazaliwa, na hujawahi kulala njaa kwangu. Ati yanapendeza kupita kiasi! Tangu lini mtu akalalamika kwamba mahindi yake ni kijani?

Ya Kipkosgei, kwa vile umeuliza, majani ya chini yamegeuka manjano. Yanaanza ncha, halafu manjano inaingia katikati kufuata ule mshipa, kando kunabaki kijani. Yeye anasema ni mvua. Mimi sijui.

Salimia Ivy.

Baba

Bungoma,
10 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Hiyo si mvua. Hiyo ni njaa. Mmea ukikosa CAN unanyang'anya majani ya chini ili ulishe ya juu. Na Kipkosgei hakukosa CAN, Baba. Gunia lake na gunia langu niliyatoa mimi mwenyewe hapa dukani, sawa kwa sawa, nikayatuma pamoja. Yalilala kwa stoo yako. Ufunguo unao wewe.

Ulimpimia nini Kipkosgei? Robo? Na yaliyobaki ukayamwaga kwangu?

Najua ulitaka nishinde. Lakini akigundua atasema ni mimi nilikutuma, na nani ataniamini? Kama kuna chochote kimebaki, mpelekee leo, ingawa wakati umepita. Ekari yangu usiiguse tena. Nakuomba kama mtoto wako, usiiguse.

Nijibu.

Jelimo

Bungoma,
28 Agosti 2025

Baba,

Beth amekuja mara tatu bila barua. Simu hushiki. Jana ni Jerop ndiye alinipigia kunipa pole. Pole ya nini, nikamuuliza. Ndipo akaniambia upepo wa Jumapili umelaza ekari yangu yote, kama ng'ombe wamelala juu yake. Mimi mwenye shamba naambiwa na jirani!

Kipkosgei naye amegundua habari ya gunia lake, ameniandikia kwa simu neno moja tu: mwizi.

Nimelia dukani mbele ya wateja, sitakuficha. Hukunipa shamba, Baba. Ulinipa jina la shamba, halafu ukaendelea kulilima vile unapenda. Nilikuomba kitu kimoja, uache kuongeza, na hicho ndicho kilikushinda.

Mpe Kipkosgei. Nimechoka.

Jelimo

Kitale,
30 Novemba 2025

Jelimo mama,

Natumai wewe na Ivy mko wazima. Mimi kifua hivyo hivyo. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu ya mzee ni mbaya, inafunga mdomo.

Tumevuna. Yako mengi yalioza kwa udongo. Ya kaka yako yana magunzi mafupi, punje haba. Hakuna aliyeshinda. Nimemwambia Kipkosgei mbele ya Jerop na wazee wa kanisa kwamba gunia lake nilipunguza mimi na wewe hukujua. Alitoka nje, akakaa wiki nzima bila kukanyaga kwangu. Nikamwambia sharti lake limekufa, na niliyeliua ni mimi, hatutakuadhibu wewe, ekari inabaki yako.

Wiki hii nimechimba mashimo ya mpaka, kutoka kwa mto mpaka barabarani. Kipkosgei alikuja akashika upande wa pili wa kamba. Miche ya mkonge iko kwa kivuli, inakungoja Desemba.

Samadi iko kando ya mashimo. Kila nikipita mkono unaniwasha, nione kama nitaweka kidogo tu. Sijaweka. Stoo nimefunga, na ufunguo nimempa Beth akuletee pamoja na hii barua.

Baba yako