Baba na 111,111,111

Jumanne usiku

Sijui nimwambie nani. Leo Baba ameshindwa na namba.

Tangu astaafu kufundisha hesabu kule Molo na kuja kukaa nami hapa Kiamunyi, tukinywa chai ya jioni mimi humpa namba kubwa, naye huivunja kwa kutafuta namba zinazoigawanya. Ndio mchezo wetu. Leo nilimwandikia 111,111,111. Hiyo alinifundisha yeye mwenyewe nikiwa mdogo: jumlisha tarakimu zake, utapata tisa, kwa hivyo inagawanyika kwa tisa.

Aliiangalia kwa muda mrefu. "Hii ni namba tasa," akasema. "Haigawanyiki."

Nilidhani ananitania. "Baba, jumlisha tarakimu."

Akaanza kuhesabu kwa kidole. Akafika katikati, akapotea, akaanza upya. Halafu akanitazama kwa adabu, vile mtu humtazama mgeni. "Mwalimu, nisaidie."

Mwalimu. Mimi, Nekesa wake.

Nikamshika kidole, tukahesabu pamoja mpaka tisa, kisha nikaigawanya kwa tisa. Jibu ni 12,345,679. Akalisoma polepole, akafurahi kama mtoto. "Na nane imeenda wapi?"

Nilienda jikoni nikafungulia maji ya mfereji ili asinisikie nikilia.

Nimempigia kaka yangu Wafula, nikakata kabla hajashika. Ningemwambia nini? Kwamba mzee amekosea hesabu? Angecheka.

Kesho tunaenda hospitali. Naogopa daktari atamwuliza, "Huyu uliyekuja naye ni nani?"